Mradi Mkubwa ni Upi? Mazungumzo juu ya Kuigawa Miradi katika Makundi, kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

Mazungumzo haya yamekusudiwa watumishi wa Serikali wanaoshughulikia ardhi, ujenzi na mazingira, pamoja na wananchi ambao siku moja huenda wakaona wapima ardhi wakisimika vigingi karibu na mashamba yao.

Mradi unapofikishwa katika ofisi ya mipango au ya mazingira, swali la kwanza si kama mradi huo ni mzuri au mbaya. Swali la kwanza ni kwamba mradi huo ni wa kundi gani. Jibu lake huandikwa kwa herufi moja au mbili pembeni ya fomu, na wengi huliona kuwa ni kazi ya karani. Lakini herufi hiyo ndiyo inayoamua kama wataalamu watatumwa kufanya tathmini, kama mkutano wa wananchi utaitishwa, waziri gani atatia saini, na muda gani utapita kabla ya tingatinga la kwanza kushushwa. Mwananchi ambaye mradi wake jirani umewekwa katika kundi dogo huenda asiulizwe neno lolote, si kwa sababu kuna mtu aliyetaka kumnyima haki, bali kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya kumwuliza.

Visiwani hakuna machimbo ya dhahabu, na mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 1996, kisha ikatunga nyingine mwaka 2015. Hata hivyo, mtumishi wa Unguja au Pemba anayepokea maombi ya hoteli, ya gati au ya machimbo ya mchanga ana mengi ya kujifunza kutoka mikoa ya Shinyanga na Geita. Kwa kipindi kisichozidi miaka thelathini, ukanda huo ulio kusini mwa Ziwa Viktoria umepokea migodi mikubwa ya dhahabu, mabomba ya maji, njia za umeme mkubwa, kazi za reli ya kisasa na bomba la mafuta ghafi. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Huko ndiko makundi yaliyoandikwa katika kanuni yamekutana na ardhi halisi, na si mara zote yalipolingana nayo.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hakuna kipimo kimoja cha ukubwa. Kila sheria ina rula yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilipima ukubwa wa mgodi kwa fedha. Mgodi wenye mtaji usiopungua dola za Marekani milioni 100 ulihitaji leseni maalumu ya uchimbaji; wenye mtaji kati ya dola 100,000 na milioni 100 ulihitaji leseni ya uchimbaji wa kati; na ulio chini ya dola 100,000 ulipewa leseni ya msingi, ambayo ni ya mchimbaji mdogo Mtanzania. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiulizi fedha. Yenyewe inauliza hekta. Ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa ikiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa; ikizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo tu na uamuzi huwa wa Waziri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo haianzi na fedha wala hekta. Huanza na aina ya kazi na madhara yanayotazamiwa.

Kwa hiyo shimo moja, katika kijiji kimoja, laweza kuwa kubwa kwa mujibu wa sheria moja na dogo kwa mujibu wa nyingine, na watumishi watatu wa ofisi tatu wakawa wote wamesema kweli.

Rula ya fedha ndiyo iliyo rahisi kusomeka, na ndiyo inayopotosha zaidi. Leseni maalumu ya mgodi wa Geita, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, ilichukua eneo la takriban kilomita za mraba 196. Leseni ya msingi ya mchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10. Yaani ndani ya leseni moja kubwa zingeweza kupangwa leseni ndogo zipatazo 1,960. Tofauti hii si ya kiasi peke yake. Leseni kubwa ilichorwa juu ya ramani ambayo tayari ilikuwa na watu: wakaazi wa maeneo kama Katoma na Nyamalembo, pembezoni mwa mji wa Geita, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wanaishi ndani ya vigingi vya leseni bila kuhamishwa wala kulipwa fidia, na bila kuwa na uhakika wa kujenga nyumba ya kudumu. Kwa mujibu wa sheria, leseni ya madini hutoa haki juu ya kilicho chini ya ardhi. Haki ya juu ya ardhi hubaki kwa mwenyewe hadi alipwe. Katika vitabu, mpaka huo kati ya juu na chini ni safi. Kwa mtu anayetaka kuezeka bati, si safi hata kidogo.

Upande wa pili, rula ya fedha haipimi kina. Mwezi Oktoba 2015, katika machimbo madogo ya Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa na udongo. Watano waliokolewa mwezi Novemba wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Mwenzao mmoja alifariki humo humo. Shimo walilokuwamo lilikuwa la kazi ndogo kwa hesabu ya mtaji, lakini kufukuliwa kwake kulichukua zaidi ya wiki tano. Mtaji mdogo, kwa hakika, mara nyingi ndio sababu ya hatari kuwa kubwa, kwani magogo ya kuzuia kuta na pampu za hewa na maji hununuliwa kwa mtaji.

Wala rula hiyo haihesabu jumla. Katika maeneo ya Nyarugusu na Rwamgasa, mkoani Geita, mchimbaji mdogo mmoja anayekamata dhahabu kwa zebaki ni jambo dogo. Mamia yao katika bonde moja, wakioshea mchanga katika vijito vile vile, si jambo dogo tena, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyevuka mpaka wa kundi lake. Chini ya kanuni za mwaka 2010, mwenye leseni ya msingi alitakiwa aandae mpango wa kutunza mazingira wa eneo lake, jambo ambalo ni jepesi kuliko tathmini kamili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Lakini mpango wa hekta 10 hauoni hekta 10 za jirani, na hakuna fomu inayojazwa na bonde.

Hapa ndipo sheria ya mazingira ilipokusudiwa kuziba pengo. Sheria ya mwaka 2004 iliagiza kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla mradi haujaanza na hata kabla haujagharimiwa. Agizo hilo la kutogharimia lina uzito wake, maana fedha zikishatolewa, tathmini hubaki kuwa sherehe. Kanuni za mwaka 2005 ziliigawa miradi katika orodha mbili: ile ambayo tathmini ni lazima, kama vile migodi mikubwa, barabara kuu, reli na mabwawa, na ile midogo ambayo huandikishwa kwanza ndipo iamuliwe kama tathmini inahitajika. Mwaka 2018 kanuni hizo zilirekebishwa na makundi yakaongezwa. Kundi A ni la lazima. B1 ni la miradi iliyo mpakani, ambayo yaweza kuangukia huku au kule. B2 ni la miradi ambayo tathmini kamili si lazima. Likawekwa na kundi maalumu.

Mgawanyo wa namna hii si uzushi wa Tanzania. Marekani ilitangulia na sheria yake ya mwaka 1969, ambayo ilitaka tathmini kwa kila tendo la serikali kuu lenye athari kubwa, bila kutoa orodha ya miradi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya, kwa agizo la mwaka 1985, zilipendelea orodha na vipimo: kwa mfano, kiwanja cha ndege chenye njia ya kurukia ya mita 2,100 au zaidi kimo katika orodha ya lazima, hakuna mjadala. Kwa rula hiyo, kiwanja cha Chato mkoani Geita, chenye njia ya mita 3,000, kingekuwa mradi mkubwa kabla mtu hajauliza ndege ngapi zitatua. Njia zote mbili zina kasoro zake. Orodha yenye vipimo humfundisha mwekezaji kuleta mradi wa mita 2,090. Sheria isiyo na vipimo humwachia afisa mmoja uamuzi mzito, naye ana mkuu wake wa kazi. Kundi la B1, kwa maana hiyo, ndilo linalostahili kuangaliwa kuliko yote, kwa sababu ndilo pekee ambalo afisa hulazimika kutumia akili yake na si jedwali lake.

Liko jambo jingine ambalo majedwali hulipita upesi, nalo ni kazi zinazoandamana na mradi. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Mgodi ni wa chini ya ardhi, na shimo lake halikulipatia eneo hilo kovu pana kama la machimbo ya wazi. Lakini mgodi ulihitaji maji, na maji yalivutwa kutoka Ziwa Viktoria kwa bomba la kilomita zipatazo 47. Ulihitaji umeme, barabara, nyumba na bwawa la kuhifadhi tope la mabaki ya uchenjuaji. Je, bomba hilo ni sehemu ya mgodi au ni mradi wake wenyewe? Likihesabiwa peke yake, ni bomba la maji la ukubwa wa kati tu. Likihesabiwa pamoja na mgodi, ni kiungo cha mradi wa kundi la juu, na wanaoishi kando yake wana haki ile ile ya kusikilizwa waliyo nayo wanaoishi kando ya shimo. Mtumishi anayepokea maombi katika vipande yampasa aulize kipande hiki kinakatwa kutoka katika nguo gani. Huko visiwani, hoteli huja leo, gati yake mwaka ujao, na kisima chake mwaka wa tatu. Kila kimoja na faili lake.

Mradi mrefu na mwembamba una tatizo lake pia. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipitia pamoja na mikoa mingine Geita na Shinyanga. Cheti chake cha mazingira kwa upande wa Tanzania kilitolewa mwaka 2019, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Kwa mtazamo wa Taifa, hakuna anayeweza kusita: ni mradi mkubwa. Lakini ukanda wa ujenzi una upana wa mita 30. Katika kijiji ambacho bomba linapita kwa kilomita tatu, ukanda huo ni hekta 9 tu. Ili kijiji kimoja kifikishe hekta 250, bomba lingepaswa kupita ndani yake kwa kilomita zaidi ya 83, na kijiji cha namna hiyo hakipo. Kwa hesabu hiyo hiyo, ukanda wote wa upande wa Tanzania ni zaidi ya hekta 3,400. Mradi huu basi ni mkubwa ukitazamwa kutoka angani na mdogo ukitazamwa kutoka uwanja wa mkutano wa kijiji. Hekta 9 zenyewe zaweza kuwa shamba lote la ukoo mmoja pamoja na makaburi yake.

Na rula ya hekta ina upotovu mwingine ambao haujadiliwi sana. Kadiri ardhi inayotakiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo uamuzi unavyosogea mbali na wenye ardhi. Hekta 240 huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Hekta 260 huamuliwa na Waziri. Yawezekana watunga sheria walikusudia kuwalinda wanakijiji wasirubuniwe kwa mikataba mikubwa, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini matokeo yake ni kwamba wanaopoteza zaidi ndio wenye kauli ndogo zaidi.

Wasukuma, wenyeji wa sehemu kubwa ya ukanda huu, walikuwa na mgawanyo wao wa ardhi kabla ya majedwali yote haya. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa ukame unapobana. Huwa la kaya au la kijiji kizima. Mengi yalikuwa yametoweka miti ilipofyekwa, hadi Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, mwaka 1986, na wananchi wakarudisha ngitili kwa mamia ya maelfu ya hekta. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Mthamini anayepita katika ngitili mwezi wa Machi, ng'ombe hawamo, mazao hayamo, wala nyumba, huweza kuiandika kuwa ni pori. Akirudi Septemba ataona ndiyo inayolisha mifugo ya kijiji. Kundi la ardhi, hapa, hutegemea mwezi ambao afisa alipata gari.

Miradi ya zamani ni mlango mwingine. Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulianza mwaka 1940, miaka mingi kabla ya kuundwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira mwaka 1983, na kabla ya orodha yoyote ya makundi. Kwa miradi kama huo sheria haiwezi kudai tathmini ya kabla. Hudai ukaguzi wa mazingira, mara kwa mara, wa kile kilichokwisha simama. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, na tope likamiminika nje ya eneo la mgodi hadi kwenye makaazi na mashamba ya vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze. Hakuna aliyepoteza maisha. Watu walipoteza nyumba, mashamba na vyanzo vya maji. Uzalishaji ulisimama, ukarejea Julai 2023 baada ya kujengwa bwawa jipya.

Funzo la Mwadui kwa watunga makundi ni kwamba bwawa la tope halifanani na jengo. Jengo hupimwa siku linapokamilika, na baada ya hapo ukubwa wake haubadiliki. Bwawa la tope hukua kila siku mgodi unapofanya kazi. Ukuta wake huinuliwa hatua kwa hatua kwa miaka. Lililoandikishwa dogo huwa kubwa bila mtu yeyote kuomba kibali cha mradi mpya. Ndiyo maana usalama wa mabwawa, yakiwemo ya tope, uliwekwa chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ndiyo maana afisa mwenye cheti cha miaka kumi iliyopita mkononi hana budi kwenda kuutazama ukuta wenyewe. Kundi la mradi halipaswi kuwa kama jina la mtoto, analopewa mara moja akaendelea nalo.

Kufungwa kwa mgodi nako ni kazi kubwa, ingawa hakuna kinachojengwa. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa rasmi mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021, mwaka ule ule Kahama ilipopandishwa hadhi kuwa manispaa. Shimo, kiwanja cha ndege, majengo na njia za umeme zilibaki, na mpango wa kuligeuza eneo hilo kuwa la viwanda ukaanza. Kila kiwanda kitakachoingia humo kitaleta fomu yake, nayo itatakiwa kuandikwa herufi.

Kanuni za mwaka 2005 zilitaka taarifa ya tathmini iwe na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwamba wananchi wa mahali pa mradi waarifiwe kwa mabango, magazeti na redio ili watoe maoni yao. Haki hiyo imo katika kundi la lazima. Kwa miradi ya makundi ya chini, muhtasari waweza usiwepo kabisa. Mwananchi anayeona vigingi vipya, iwe Kishapu au katika shehia yoyote ya Unguja na Pemba, anayo haki ya kwenda ofisini na kuuliza mradi huo umeandikwa katika kundi gani, nani aliyeuandika humo, na kwa kipimo gani. Na mtumishi aliye mezani anatakiwa awe na jibu la maswali yote matatu, si la kwanza peke yake.